Kila Mtoto na Faili Yake

Nathalie alinipigia simu Jumanne asubuhi, chai yangu ikiwa bado mezani, kuniambia kwamba mama yake amekufa. Mama Véro. Nilitoa pole zote ninazozijua, na nilipokuwa natafuta nyingine akanikatiza. "Mama Régine, siku ya kilio utasema maneno kidogo, mu jina ya bale balitumikaka naye. Cinq minutes tu. Na iko kintu kimoya. Maman aliniachia neno: kama Donatien anakuya, tumuombe pardon mbele ya bantu. Alikuwaka anasema ni yeye njo alimufukuzishaka ku kazi. Miye ile histoire siiyue, weye unaiyua." Nikamwambia ndiyo, naijua. Nilipokata simu chai ilikuwa imepoa. Naijua kuliko mtu yeyote aliye hai, isipokuwa Donatien mwenyewe, na kuombwa niombe msamaha kwa niaba ya marehemu asiye na kosa kulinipandisha hasira ambazo sikujua nimpelekee nani. Nilifanya kazi na Mama Véro mwaka mmoja tu. Nilikaa na karatasi siku mbili nikitafuta namna ya kuusimulia mwaka huo kwa dakika tano bila kusema uongo, na kila nilichoandika kilikuwa uongo ule ule niliouzoea.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na minne na diploma ya chuo kikuu niliyoitundika ukutani kabla hata sijanunua kitanda. Ofisi yetu ilikuwa katikati ya mji, juu ya duka la vitambaa: ngazi za saruji, chumba kimoja kirefu chenye madirisha ya chuma yaliyogandishwa na rangi, chumba kidogo cha seva, na nyuma yake jiko. Kati ya seva na jiko palikuwa na ukuta wa mbao usiofika darini, kwa hiyo ukikaa kwa seva ulisikia kila lililosemwa jikoni na ulijua kinachopikwa. Patron wetu, Papa Albert, alikuwa amepata kazi ya kuingiza kwenye kompyuta vitabu vya zamani vya ubatizo vya parokia kadhaa, kabla mchwa hawajavimaliza. Watoto wa watu wa migodi na wa reli, kizazi baada ya kizazi: jina la mtoto, baba, mama, msimamizi, na mwandiko wa mapadri ambao Mama Véro peke yake aliweza kuusoma bila kukunja uso. Alikuwa katekista wa miaka mingi, na kati ya wanawake sita waliochapa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Mashini zilikuwa juu yetu wawili, mimi na Donatien, aliyenizidi miaka miwili na kunipungukia diploma. Mlangoni palikuwa na kibao chenye jina langu. Chake hakikuwepo.

Mashini saba tulizopewa zilitoka Ulaya bila diski. Wenyewe walizing'oa kabla ya kuzigawa. Kwa hiyo kila kitu kilikaa kwenye kompyuta moja kubwa, yaani seva, na zile saba zilikivuta kupitia nyaya. Mwenye kuchapa aliona faili kana kwamba ziko ndani ya mashini yake, kumbe ziko chumba cha pili. Huo ndio mfumo wa faili wa mtandao. Ukikubali kufanya kazi, raha tupu. Ukikataa, watu sita wanakaa mikono mapajani wakikutazama. Shida nyingine ilikuwa kwamba toleo la kawaida la mfumo-endeshi halikutambua kadi za mtandao za mashini zile, na toleo la majaribio lilizitambua. Walioliandika, watu wa mbali waliojitolea, walionya waziwazi kwamba halijaiva. Donatien alisema tulichukue tu. Nilikubali, halafu nikasahau kwamba nilikubali.

Mwezi wa tatu umeme ulikatika alasiri moja na Mama Véro akapoteza kazi ya siku nzima, watoto arobaini na wawili, kwa sababu hakuwa amehifadhi hata mara moja. Nilimfokea mbele ya wenzake wote. "Mama, nani alikuambia utape siku muzima bila kuenregistrer? Unazani hii iko taipureta ya mupadri?" Alikuwa na umri wa mama yangu. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge chake, akauliza tu, "Bale batoto bote, basi? Mara moya?" Mimi nikaenda kuandika sheria kwenye karatasi kubwa nikaibandika ukutani: kitabu kimoja faili moja, hifadhi kila baada ya ukurasa, na atakayefanya mambo kwa namna yake akatafute kazi mahali pengine. Papa Albert aliisoma akanipigapiga begani. Nilijiona mtu.

Mvua ilipokatika ndipo mashini zilipoanza kuzimia. Skrini inageuka nyeusi, herufi nyeupe zinamiminika, tarakimu zisizo na kichwa wala mguu, kisha kimya. Unazima, unawasha, inarudi. Kesho yake tena. Na haikuwa mashini moja. Ilianza ya Mama Véro, dakika mbili baadaye ya jirani yake, kisha ya tatu, mpaka mstari wote. Niliandika kila tukio kwenye daftari: saa, mashini ipi, nani alikuwa amekaa, jua lilikuwa kali kiasi gani. Nilibadilisha nafasi za mashini. Nilibadilisha kumbukumbu ya kompyuta ya seva, nikanunua feni, nikasukuma meza mbali na dirisha, nikatafuta panya. Mashini yangu mwenyewe haikuzimia hata siku moja, jambo lililonikera kuliko yote, kwa sababu ugonjwa usiokuja mbele ya daktari unamfanya daktari aonekane mwongo. Nilichoona ni kwamba unaambukiza kwa kufuata mstari wa waya. Na nyaya zile, vichwa vyake vyote, Donatien alivibana kwa mkono wake, kwa koleo la kuazima. Leo nacheka kwa uchungu. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa wewe tia maji. Mashini ya Mama Véro ikizimia, kila mwenzake alikimbia kufungua folda kuangalia kama kazi yake iko salama, na huko kufungua folda ndiko kulikoiua na yake. Miezi minne nilikuwa natazama wanawake wakitia maji, nikaandika kwenye daftari kwamba waya ni mbovu.

Saa sita mchana tulikula pamoja jikoni. Mama Véro alileta bukari, ugali wetu, katika sahani ya bati iliyofungwa kwa kitambaa, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa tomsoni aliyekaangwa mpaka mifupa inatafunika. Hata siku nilizoamka na sura ya vita alinimegea wa kwanza. "Kula, Ingénieur. Mashini haikulake, weye unakulaka." Wenzake walikuwa wakicheka pamoja mpaka niingie. Nikiingia, kicheko kinapungua, mtu anauliza habari za mvua. Nilidhani hiyo ndiyo heshima. Siku moja nikiwa kwa seva nilimsikia mmoja wao upande wa pili wa mbao akisema, "Tumwambie tu," na Mama Véro akamjibu, "Leka kwanza. Donatien alisema dawa iko munjia." Nikafikiri wanazungumza habari ya mgonjwa wa nyumbani kwao, nikaendelea kuhesabu nyaya.

Donatien alikuja kwangu wiki ile ile na daftari lake chini ya kwapa. Alisimama mlangoni, chini ya kibao changu, akapiga hodi kwenye mlango ulio wazi. "Régine, nafikiri haiko mu câble. Iko mu système yenyewe, kwa kusoma dossier, zile folda. Leka nikuonyeshe." Nilikuwa nimetoka kuwasha mashini zote sita kwa mara ya tatu asubuhi hiyo. Nikamwambia sitaki hadithi, nataka waya mpya. Akasema, "Dakika kumi tu." Nikasema hata mbili sina. Akalitazama lile daftari kama mtu anayepima kitu, akaondoka nalo. Tangu siku hiyo nimemwona mara nyingi katika akili yangu akirudi na lile daftari, na kila mara najibu vizuri.

Papa Albert alichoka kabla yangu. Parokia zilikuwa zinauliza kila wiki vitabu vitarudi lini. Aliniita, akafunga mlango. "Ma fille, miye siko muntu ya mashini. Nipe rapport, page moya, na jina moya. Nani njo anaharibu?" Ningeweza kusema sijui. Lilikuwa jibu la kweli na lilikuwa fupi. Lakini mtu mwenye kibao mlangoni hasemi sijui, au ndivyo nilivyoamini. Niliandika ukurasa mmoja: toleo la majaribio lilichaguliwa na Donatien, nyaya zilitengenezwa na Donatien, hitilafu inafuata nyaya. Kila sentensi ikiwa peke yake ilikuwa kweli, hapo ndipo palikuwa na ubaya wake. Ijumaa Donatien aliachishwa kazi, akakusanya vitu vyake. Hakugombana. Aliacha koleo juu ya meza yangu akaniomba nilirudishe kwa mwenyewe, fundi wa redio mtaa wa pili, akawasalimia wale mama mmoja mmoja kwa mkono, akashuka ngazi. Mama Véro alitoka jikoni akiwa bado na unga wa bukari vidoleni, akasimama dirishani mpaka Donatien akapotelea barabarani.

Nyaya mpya ziliwekwa na fundi wa kulipwa. Jumatatu saa nne mashini ya Mama Véro ikazimia, na mstari wote ukaifuata. Sikupiga kelele siku hiyo. Niliingia chumba cha seva nikakaa sakafuni, mgongo ukutani, na kwa kuwa nilikaa chini hawakujua kwamba nipo. Upande wa pili waliosha sahani. Mmoja akasema, "Kumbe haikuwa câble. Donatien alienda bure." Mama Véro akasema kwa sauti niliyokuwa sijaisikia kwake, "Alienda sababu yangu. Ni miye nilimuomba afanye ile dossier, na nikamuapisha asimwambie Ingénieur. Siku ile balipotea bale batoto makumi ine na mbili, nilisema apana tena. Hatuzikake bantu mu shimo moya, hata ya komputa. Kila mutoto na yake. Kama mashini inakufa, inakufa na moya, bengine banabakia." Mwenzake akauliza kwa nini wasiniambie sasa. "Na ile karatasi ya ku ukuta? Tuko bantu sita, tuko na batoto ku nyumba."

Niliinuka nikafungua seva. Folda hiyo ilikuwepo siku zote, mbele ya macho yangu, ikiitwa "Kwa Mama Véro". Nilikuwa nimeiona nikadhani ni nyimbo za kwaya yake. Ndani yake mlikuwa na faili zaidi ya elfu kumi na moja, kila moja ikiwa na jina la mtoto mmoja na tarehe yake. Wote sita walikuwa wakihifadhi kila ubatizo kwenye faili yake, na Jumamosi wanaziunganisha kuwa kitabu kimoja ili sheria yangu ipate inachotaka. Nikaenda kwenye mashini yangu, ile isiyougua, nikaiamuru isome folda hiyo kupitia waya. Ikazimia. Mfumo ule ambao haujaiva ulikuwa hauwezi kusoma kupitia mtandao orodha ndefu kiasi kile. Kuandika faili moja uliweza, kuzitazama zote pamoja ulianguka. Ugonjwa niliutengeneza mwenyewe, siku niliyomfokea mama mtu mzima hata akaona afadhali kunificha. Katika mtoto wa meza ya Donatien nilikuta lile daftari. Alikuwa ameandika yote hayo, kwa mpangilio, na amebandika nakala ya barua aliyowatumia waandishi wa mfumo ule, siku tisa kabla ya ripoti yangu. Walikuwa wamemjibu. Walimshukuru kwa jina, wakasema marekebisho yatakuwa katika toleo linalofuata.

Toleo lile lilifika. Nililiweka mimi. Mashini hazikuzimia tena, vitabu vikaisha, parokia zikashukuru, na Papa Albert akanunua kuku na vinywaji akasimama mbele ya watu wote akasema, "Régine alituokoa." Nilikuwa na kipande cha kuku mkononi. Nilikuwa na mwezi mzima nikijua. Nilisema aksanti. Hilo ndilo neno nililosema, na baada yake kila siku iliyopita iliongeza ugumu wa kusema jingine. Karatasi ya ukutani niliibandua kimyakimya. Kwa Mama Véro sikusema lolote. Nilifikiri nikinyamaza namsitiri. Sikujua kwamba yeye amejibebesha mzigo wangu na atatembea nao mpaka nyumbani kwake Bel-Air, mpaka kitandani, mpaka kwenye maneno ya mwisho aliyomwachia mwanawe.

Alhamisi nilikwenda uwanja wa ndege wa Luano kumpokea Donatien. Anaishi Kinshasa siku hizi, ana wafanyakazi wake, ana kitambi na miwani. Alinikumbatia kama ndugu, na hilo liliniudhi. Ndani ya gari, kabla hatujafika mjini, nilimwambia yote: ripoti, mbao, daftari, kuku. Niliyasema nikitazama barabara. Akasema, "Nilijua zamani. Nani mwingine angeandika? Kwangu ilishaisha, Régine. Sikujitetea sababu ya Mama Véro: ningesema, patron angemufukuza pale pale." Nikamwuliza nifanye nini basi. Akafungua kioo, akavuta hewa ya kwao. "Unaniambia miye ya nini? Miye niko nayua. Asiyeyua ni Papa Albert."

Papa Albert bado yupo. Siku ya kilio alikuwa mstari wa mbele chini ya hema, mbele ya nyumba ya marehemu, fimbo kati ya magoti, masikio yameisha lakini mdomo mzima. Alipomwona Donatien aliinua fimbo. "We! Muntu ya kuniharibia mashini! Uko hai?" Watu walicheka, maana ni mzaha wake wa siku zote, na Donatien alicheka pia, akainama kumsalimia kwa mikono miwili. Nilitazama picha ya Mama Véro iliyowekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Alikuwa amevaa ile miwani. Kwaya ilipomaliza, Nathalie akanipa kipaza sauti.

Nilisoma kuhusu bukari na sombe, na mwandiko wa mapadri. Watu waliitikia vizuri. Kisha nikafika chini ya ukurasa, Nathalie akanitikisia kichwa: pardon sasa. Nikaikunja karatasi. Nikasema, "Mama Véro alituachia kuomba pardon kwa Donatien. Siombe mu jina yake, sababu yeye hakuwa na kosa. Rapport ile ni miye niliandika. Donatien hakuharibu kitu, ni yeye njo alitengeneza. Niliyua, na nikanyamaza." Sauti yangu ilitoka ndogo, ikafa kabla ya kufika viti vya katikati. Papa Albert aliweka kiganja nyuma ya sikio akamgeukia Donatien. "Anasema nini?"

Donatien akamwinamia. "Anasema Mama Véro alikuwa muntu muzuri."

Mzee akatikisa kichwa, ameridhika. Donatien akanitazama na kunionyesha kiti changu kwa macho. Nilikuwa nimepewa njia, na miguu yangu iliijua njia hiyo vizuri sana, imeitembea miaka yote. Nathalie alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Apana, Papa Albert," nikasema. "Siyo ile nilisema. Sikia."

Nikasogeza kipaza sauti mdomoni, nikaanza upya, kwa sauti ile ile niliyomfokea nayo Mama Véro.